Saa za Kukamua

Jumatatu, 18 Machi 2024

Mama akiingia chumba cha watoto mahututi kwa mara ya kwanza, hamtazami mtoto. Anatazama mashine. Nimeliona hili kwa wengi, na usiku huu nimeliona kwa mama wa Chanika, aliyejifungua jana kwa upasuaji baada ya presha kumpanda, mimba ikiwa na wiki 30. Ameletwa kwa kiti cha magurudumu, kajifunika kanga mbili, drip bado iko mkononi. Macho yake yalikwenda kwenye chupa ya maji ya sipapu inayotoa mapovu, yakapanda kwenye namba za oksijeni, yakafuata mipira mmoja mmoja, na mwisho kabisa ndipo yakatua kwa mtoto: gramu 1,150, ngozi nyembamba mpaka mishipa inaonekana, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi.

"Sista, hicho kinachochemka ni nini?"

Nikamweleza kwamba hakuna kinachochemka. Hewa inapitia puani kwa mtoto, na ncha ya mpira wa kutolea imezamishwa ndani ya maji. Kina cha maji ndicho kinachoamua ni nguvu kiasi gani ya hewa ibaki mapafuni, ili vile vifuko vidogo vya hewa visijifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Mapovu yakiendelea, ni vizuri. Yakisimama, sisi ndio tunaokuja mbio.

"Kwa hiyo mimi nikae nikiangalia mapovu?"

Hapana, mama. Mapovu ni kazi yangu. Wewe mshike mwanao.

Akaingiza mikono ndani ya kanga. "Nitamuumiza." Karibu wote husema hivyo, na husema kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri. Nikamwosha mikono, nikamwonyesha: usimpapase, ngozi ya mtoto njiti huchoka upesi kwa kupapaswa. Weka kiganja kimoja kichwani, kingine kwenye nyayo, uache vitulie hapo, ahisi ukuta kama ule aliouzoea tumboni. Alimshika muda mrefu. Hakulia. Wanaolia hawanipi wasiwasi kama huyu.

Alhamisi, 21 Machi

Saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili. Usiku na mchana ni hivyo hivyo. Akina mama wanatoka wodi ya wazazi, wenye mshono wanatembea wameinama wameshika tumbo, wanakaa kwenye benchi la ukumbini, kila mmoja na kikombe chake chenye jina kwenye plasta, wanakamua. Hakuna anayeongea. Kila mmoja anachungulia kikombe cha jirani.

Mama wa Chanika amekamua kwa muda mrefu, ikatoka michirizi tu pembeni mwa kikombe. Mtoto wake bado yuko kwenye drip, anachohitaji tumboni kwa sasa ni mililita 4 kwa mlo mmoja, tena tunazipitisha kwenye mpira wa kulishia. Mililita 4 ni chini ya kijiko cha chai. Lakini kwa mama aliyekaa karibu na mwenzake aliyejaza nusu kikombe, kukosa hizo nne ni hukumu. Akasema, "Hata hiki kimoja nilichoachiwa nakishindwa."

Natamani ndugu wote wanaosema "huyu hana maziwa" wangekaa darasani nusu saa tu. Maziwa hutengenezwa kwa homoni moja na kusukumwa nje kwa nyingine, oksitosini, ile ile inayobana mfuko wa uzazi. Hofu kali na maumivu huizuia hiyo ya pili. Matiti yanaweza kuwa yamejaa na yasitoe kitu. Halafu mama anaona kikombe kikavu, anaogopa zaidi, na kikombe kinazidi kukauka. Ukimgombeza hapo umeongeza kufuli.

Nilichofanya ndicho alichokuwa akifanya bibi yangu kwa wanawake waliojifungua, kasoro maji ya moto ya kukanda: kitambaa cha uvuguvugu kifuani, vidole kushuka pande mbili za uti wa mgongo, uji mwepesi anywe kwanza. Na kofia ya mtoto, ile iliyovuliwa wakati wa kubadilishwa, nikampa aishike puani. Zikatoka mililita 6. Nikazivuta kwenye bomba la sindano mbele yake, nikampa bomba alishike mwenyewe juu ya kichwa cha mtoto mpaka likaisha. Zile mbili zilizobaki aliniuliza mara kadhaa nimeziweka wapi.

Msikiti wa jirani walikuwa kwenye tarawehe. Mama mmoja wa kitanda cha pembeni ananiambia kinachomuumiza zaidi mwezi huu wa Ramadhani ni kwamba yuko kwenye nifasi, damu ya uzazi: hafungi, haswali. "Swala ndiyo ingenishika, sista, na ndiyo siruhusiwi." Mwenzake akamjibu bila kuinua uso kutoka kwenye kikombe: "Dua haina nifasi." Kuanzia hapo wamekuwa wakikaa pamoja.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Saa nane usiku tumempoteza mtoto wa mama wa Mkuranga. Maambukizi ya damu. Alikuwa wa siku kumi na mbili.

Sitaandika yaliyotokea mle ndani. Nataka kuandika yaliyotokea baadaye, kwa sababu hakuna fomu inayoyauliza. Saa kumi na moja alfajiri mama yule alikuja kwenye benchi. Kifua kimejaa, gauni limelowa. Maziwa hayajaambiwa kwamba mtoto hayupo. Wenzake wakanyanyuka kumpa nafasi, halafu wakabaki wamesimama, vikombe mkononi, hakuna aliyethubutu kukaa tena.

Nilimpeleka chumba cha nguo safi, nikafunga mlango. Mama mkwe wake alitaka amkaze matiti kwa kanga. Nikamwomba asifanye hivyo, kukaza huleta uvimbe na usaha. Vitambaa vya baridi, kupunguza kidogo tu pale anapobanwa na maumivu, asikamue yote, ili mwili upunguze polepole. Tukafanya hivyo tukiwa watatu. Mama mkwe ndiye aliyelia.

Chumba kizima kimebadilika. Mashine ikilia kwa sababu waya umelegea mguuni, mama kumi wanageuka. Mmoja amekataa kumwandikisha mwanawe jina, anasema nikimpa jina ataondoka. Mwingine hakuja saa tisa wala saa kumi na mbili. Nilimkuta wodini amelala kifudifudi, amegeukia ukuta, ananiambia yuko sawa. Kutokuja ni dalili. Tunaandika kwenye faili la mtoto kila gramu na kila nyuzi ya joto, ila hakuna mstari wa kuandika kwamba mama hakuja.

Alhamisi, 11 Aprili, Idd mosi imepita jana

Wageni ni wengi kwa sababu ya sikukuu. Pilau kwenye hotipoti, watoto wamevaa mapya, wote nje kwenye korido, kwa sababu ndani haingii mtu zaidi ya mzazi.

Mama mkwe wa mama wa Chanika ametoka Lindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanivuta pembeni. Anataka kujua mkwe wake alifanya nini. Alibeba ndoo? Alisafiri? Waligombana na mume? Na je, mimba ilikuwa ya mwezi wa saba au wa nane, maana wa saba huishi, wa nane haishi.

Nilimjibu kwa heshima lakini nilimjibu. Hili la mwezi wa nane limewaumiza wanawake wengi bure. Kila wiki anayoipata mtoto tumboni inamwongezea uwezo wa kuishi, wa mwezi wa nane yuko mbele ya wa saba. Na sababu: kwa mkweo ni presha, ambayo haiji kwa ndoo. Kwa wengine ni malaria, maambukizi, mapacha, na kwa wengi hata daktari hapati sababu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watoto milioni 13.4 waliozaliwa kabla ya wakati mwaka 2020, karibu mmoja katika kila kumi wanaozaliwa. Hao wote mama zao hawakugombana na waume.

Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nimwambie nini?" Mwambie pole na hongera, mama. Vyote viwili. Hajapewa hongera hata moja tangu ajifungue.

Baba wa mtoto anaendesha bodaboda. Huja saa mbili usiku akiwa bado amevaa kizibao, anasimama dirishani, anauliza, "Amefika ngapi?" Anaulizia gramu. Leo ni 1,420. Analihesabu ongezeko kwa kichwa, anaondoka akitabasamu. Ndugu zangu hapa kazini husema wanaume hawajali. Mimi huyu simuoni asiyejali. Hana mahali pa kusimama, basi anasimama kwenye namba.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi, barabara ya Jangwani haipitiki, nusu ya zamu tumechelewa. Chai imepoa. Niandike jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani.

Kuna muuguzi Mmarekani, Margaret Miles, aliyetengeneza dodoso la kupima msongo wa wazazi wenye watoto mahututi. Lilichapishwa mwaka 1993 na bado linatumika nchi nyingi. Halimuulizi mama kama ana huzuni. Linamuuliza kuhusu mambo matatu: anayoyaona na kuyasikia chumbani, sura na hali ya mtoto, na kile kilichoharibika katika nafasi yake kama mzazi. Hilo la tatu lina maswali kama vile kutengwa na mtoto, kushindwa kumlisha mwenyewe, kushindwa kumkinga na maumivu. Sehemu nyingi lilikotumika, hilo ndilo lililopata alama za juu.

Ningekuwa sijawahi kusoma popote, benchi la kukamulia lingeniambia vivyo hivyo. Mashine huzoeleka. Baada ya wiki moja mama anajua namba 90 hadi 95 ni nzuri kwa mtoto aliye kwenye oksijeni, na anajua kwamba kuizidisha nako kunaweza kumdhuru macho. Lakini hazoei kuomba ruhusa. "Sista, naweza kumgusa?" "Sista, naweza kumbadilisha pempasi?" Mwanamke amembeba mtoto huyu tumboni, amechanwa kwa ajili yake, halafu anabisha hodi kwake kwa saa maalumu na kutolewa dakika zikiisha. Sisi hatufanyi kwa ubaya. Tunaogopa maambukizi, nafasi ni finyu, kazi ni nyingi. Hata hivyo tumemfanya mama kuwa mgeni, na mgeni hana la kufanya isipokuwa kuogopa.

Dawa yake haijafichwa. Mwaka 1978, Bogotá huko Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na inkubeta chache na watoto wengi, wanalazwa pamoja, wanaambukizana. Akawaweka kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, wanyonye maziwa ya mama, waende nyumbani mapema. Ndiyo huduma ya kangaruu tunayoifanya leo. Kwa miaka mingi sharti lilikuwa mtoto atulie kwanza ndipo abebwe. Halafu ukaja utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ukachapishwa mwaka 2021, uliofanyika hospitali tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria, na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili. Zaidi ya watoto 3,200 wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Nusu walibebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kabla hawajatulia, mama akiwa na kitanda chake mle mle walimo watoto mahututi. Katika siku 28 za mwanzo walikufa takriban 12 katika kila 100 waliobebwa mapema, na takriban 16 katika kila 100 waliosubiri. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu tofauti ilishaonekana. Mwaka 2022 ikawa ni pendekezo kwa dunia nzima.

Nasoma takwimu hizo kwa jicho la muuguzi wa watoto na nafurahi. Nikizisoma kwa jicho la yule mama aliyegeukia ukuta, naona jambo jingine: ili kumwokoa mtoto ilibidi kitanda cha mama kiingizwe ndani. Kitanda, si benchi.

Jumatano, 1 Mei

Mei Mosi. Runinga ya korido iliwashwa, sherehe za kitaifa ziko Arusha. Makamu wa Rais, Dkt. Mpango, ametangaza kwamba mama aliyeajiriwa akijifungua njiti atapewa muda wa uangalizi mpaka mtoto afikishe zile wiki 40 alizopaswa kuzimaliza tumboni, ndipo likizo ya uzazi ianze kuhesabiwa. Baba naye, siku saba badala ya tatu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyejifungua mapacha alipiga kigelegele kilichoamsha watoto wawili, na hakuna aliyemkaripia. Likizo yake imekuwa ikiisha huku watoto bado wako kwenye mipira.

Mama wa Chanika anauza vitumbua na chai asubuhi kituo cha daladala. Alipiga makofi pamoja na wengine. Baadaye, tunapima joto la mtoto, akasema mtaji wote ameshakula kwenye nauli, na mwenye meza kaipangisha kwa mtu mwingine. Alilisema kwa utulivu, kama anaeleza bei ya unga. Ninafurahi kwa ajili ya mwalimu kutoka moyoni. Ninataka pia mtu mwenye kipaza sauti amkumbuke muuza vitumbua.

Jumapili, 5 Mei

Jana kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zilisimamishwa, redio zikirudia maonyo tangu asubuhi, upepo ukivuma kwa nguvu kutoka baharini. Kilipiga Mafia kikiwa kimeanza kupungua nguvu, huku kwetu tumepata mvua na umeme kukatika. Jenereta ilichukua muda kidogo kuwaka.

Katika muda huo niliona vyumba viwili. Chumba cha mahututi, mama waliokuwa wamekuja kukamua walikimbilia mlangoni wakilia, hawajui waingie au wakae, na sisi tunapiga tochi za simu tukihakikisha pumzi za kila mtoto. Chumba cha kangaruu, giza lile lile, upepo ule ule, mama saba wamekaa vitandani wamefungiwa watoto vifuani kwa kanga na vitenge. Niliingia na tochi, mama wa Chanika akaniambia, "Huyu yuko sawa sista, nenda kwa wale." Alikuwa ameweka kiganja mgongoni kwa mtoto, anasikia kila pumzi. Mtoto wa kifuani hategemei waya ili apate joto.

Mwanamke huyu mwezi Machi aliogopa kumgusa.

Alhamisi, 16 Mei

Aliruhusiwa wiki iliyopita, mtoto na gramu 1,980, ananyonya mwenyewe. Kila mtu alidhani angecheka siku ile. Alifunga mizigo polepole sana, akauliza kama anaweza kukaa siku mbili zaidi. Wengi huuliza hivyo. Hapa kuna nesi usiku kucha, kule kuna chumba kimoja cha kupanga Chanika na mume anayetoka saa kumi na moja.

Leo amerudi kliniki. Mtoto 2,140, hana shida. Mama amekonda. Nilimtoa kwenye foleni tukakaa chini ya mwarobaini, nikamuuliza kuhusu yeye. Halali. Mtoto akilala kimya anamtekenya nyayo mpaka alie, ndipo ajue yuko hai. Anasikia mlio wa mashine akiwa anakaanga samaki. Mlango wa jirani ukigongwa usiku, moyo unampasuka. Nikamuuliza kama huwa anafikiria kujidhuru, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu kuuliza hakumfundishi mtu kufanya. Akasema hapana, ila kuna siku anatamani kulala asiamshwe na mtu yeyote. Nimemshika mkono nimempeleka kwa daktari wa afya ya akili, chumba cha pili, siku hiyo hiyo. Nimempigia mume simu nikamwambia usiku mmoja katika kila siku mbili mtoto akae kifuani kwake yeye, ngozi kwa ngozi, kifua cha baba kina joto la kutosha. Amekubali papo hapo. Kaniuliza tu kama avue shati lote.

Jumatatu kuna kikao cha wodi. Nimeandika ya kusema. Viti vinne vya kuegemea viingie ndani ya chumba cha mahututi, nafasi ipo upande wa kabati la zamani nikilihamisha. Mama aingie saa yoyote, ilimradi amenawa. Pempasi, joto na bomba la maziwa viwe mikononi mwa mama kuanzia siku ya kwanza tukimsimamia. Kwenye chati ya zamu uongezwe mstari mmoja: mama amekuja, amelala, amekula, amesema nini. Na yule mama wa Mkuranga apigiwe simu, namba yake bado iko kwenye faili.